Mpango wa Kumchana Siafu

Jumatatu, 4 Agosti

Sikukuu ya Wakulima. Nchi nzima haina kazi leo. Mimi sina siku zote, lakini leo walau nina wenzangu.

Dada Kasuba kaanza habari za kazi asubuhi, nikiwa bado nimelala kwenye kochi lake. Kaongea na Baba Chungu mwenye mashine ya kusaga mahindi. Nafasi ipo. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ni Profesa Shaba, msanii wa hip hop wa andagraundi, na watu wa mtaa mzima wa Chimwemwe wananijua. Akasema wananijua, ndiyo, na ndicho kinachomtia haya akienda sokoni.

Tumepatana hivi. Jumamosi kuna Tamasha la Mlima Mweusi. Sisi wa andagraundi tunapewa jukwaa dogo mchana, nyuma ya wachoma nyama. Atakayepigiwa kelele kuliko wote anapanda jukwaa kubwa jioni. Nikipanda mimi na kazi ya muziki ikapatikana, Dada hatatamka tena neno mashine. Nikikosa, Jumatatu nakwenda kusaga. Nimekubali haraka sana. Kizuizi ni mtu mmoja tu: Siafu.

Jumanne, 5 Agosti

Siafu! Mwaka jana jukwaa kubwa lilikuwa lake. Mwembamba, meno yote nje, anacheka na kila mtu hadi mbwa. Msanii wa andagraundi hachekicheki! Kazaliwa hapahapa Kitwe, anarap kwa Kibemba kama mimi, mistari anayo, sikatai. Uchungu hana.

Mpango ni huu. Nitamchana, yaani nimtukane kwa mistari mbele ya watu. Nitamchana aumie. Akiumia atakasirika, akikasirika atasahau mistari yake, na jukwaa litabaki kwangu. Nimemweleza Ng'andwe, anayenipigia biti kwenye kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka. Ng'andwe akauliza kama nalijua jina halisi la Siafu, kwao wapi, kabila gani. Ng'andwe ana maswali ya ofisi ya serikali. Nikamwambia mtu hapigi hodi kwa adui. Akainua mabega, akaniwekea biti.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya uso. Nimeamua kutotabasamu hadi Jumamosi, ili watu waanze kuniogopa mapema. Nimepita soko la Chisokone uso umekunjamana, miwani nyeusi, kofia imeshuka.

Mama mmoja muuza nyanya akanishika mkono. Akauliza jino gani linauma. Nikamwambia si jino. Akasema wote husema hivyo mwanzoni. Kabla sijajitetea nikawa na karafuu mdomoni na akina mama wamenizunguka, kila mmoja na dawa yake. Nimerudi nyumbani ulimi una ganzi. Mazoezi yameahirishwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Uvumi ni silaha. Nimekwenda kwa kinyozi, nikanong'ona kwa sauti ya kutosha kwamba mistari ya Siafu huandikwa na shangazi yake. Nikaondoka nikijipongeza.

Jioni mji mzima unamtafuta huyo shangazi. Wanasema lazima awe mwanamke wa ajabu. Mama Mwila, mwandaaji wa tamasha, kapiga simu kwa watu kuulizia kama anaweza kuja kufungua rasmi jukwaa letu. Kiti cha mbele kimeshatengwa. Siafu kaulizwa, kacheka tu, kasema shangazi yake yupo na huimba vizuri kanisani.

Sitatumia uvumi tena. Uvumi hauna nidhamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mistari imekamilika. Mlafi. Mwoga. Mwizi wa biti. Mtumwa wa mababu zangu. Babu yake alikimbia vita akaacha viatu. Nimeisoma mwenyewe nikaogopa.

Dada alikuwa anatwanga karanga nje, akanisikia. Akauliza maneno hayo ni ya nani. Nikamwambia ni ya Siafu. Akauliza Siafu ni mtu wa wapi. Nikamjibu kuwa ni mtu wa kuanguka kesho. Akaendelea kutwanga.

Niseme ukweli humu, kwa kuwa hakuna anayesoma. Naogopa ile mashine. Marehemu baba alifanya kazi chini ya ardhi kwelikweli, mgodini, akirudi nyumbani kachoka hata kusema na sisi hawezi. Mimi nataka kazi ya kusema. Nataka nikipita watu wanyamaze kidogo, basi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Jukwaa dogo, saa nane mchana, moshi wa nyama machoni. Shangazi wa Siafu kakaa kiti cha mbele, kavaa kitenge kipya. Siafu alitangulia, akapigiwa makofi. Nikapanda mimi. Sikutabasamu. Nikamchana kwa jina, mwanzo hadi mwisho, mlafi, mwoga, mtumwa, babu na viatu vyake. Sijawahi kurap vizuri hivyo! Nilipomaliza, watu kimya kabisa. Kimya nilichokitafuta maisha yangu yote. Nikajua nimeshinda.

Siafu akapanda. Nikakunja ngumi. Akanikumbatia.

"Jamani, kumbe nina mtani hapa na sikuambiwa," akasema kwenye kipaza sauti. "Mimi ni Limbikani Jere. Mngoni, asili yetu Chipata. Na huyu anayenuka nyama ya tumbili ni Mbemba wangu."

Uwanja ukalipuka. Mngoni! Wangoni na Wabemba ni watani tangu mababu walipochoka kupigana. Mtani akikutukana msibani mbele ya jeneza, unacheka. Kila nilichosema, hata kibaya kuliko vyote, kikageuka salamu. Hata mtumwa! Hasa mtumwa. Shangazi akasimama akanipungia mkono, akasema kijana kalelewa vizuri, anawajua watani zake.

Kisha Siafu akanivua kofia, akavaa yeye. Akanivua miwani, akampa shangazi. Ni haki ya mtani, huwezi kumnyima. Mtu akimkasirikia mtani wake, anayeaibika ni yeye. Nikasimama pale macho yananiwasha kwa moshi. Siafu akasema nitarudishiwa vitu vyangu nikilia vizuri, kama Wabemba walipoona jeshi la babu yake. Nikamjibu kwamba jeshi hilo lilisimama njiani kuchimba panya wa kitoweo. Ilinitoka tu! Watu wakaanguka juu ya meza za wachoma nyama.

Mama Mwila alikuwa anafuta machozi. Akatupa jukwaa kubwa, sote wawili, kwa sharti tuendelee vilevile.

Tukaendelea jioni nzima. Umati hadi kwenye ukuta. Panya, tumbili, babu yako, babu yangu, na Ng'andwe akiingiza biti mahali hasa panapotakiwa. Kuna wakati nilicheka hadi nikakosa pumzi. Ilikuwa raha. Ndiyo, ilikuwa raha, sitaki kuizungumzia.

Jumapili, 10 Agosti

Siafu kaja nyumbani bila kualikwa. Kaingia jikoni, kafunua chungu, kasema ugali wa Wabemba ni mzuri kwa kuzibia paa. Dada kafurahi kama kaletewa mahari. Kampa kiti changu na finyango langu la kuku.

Kaleta habari. Mwandaaji wa maonyesho wa Ndola alitutazama jana. Anatutaka sote, Ndola, kisha Kabwe, kisha Lusaka, kila mwisho wa juma hadi Desemba. Dada akasema hiyo ndiyo kazi, na mambo ya mashine yameisha. Machozi yalimlengalenga.

Nikasema nina sharti moja. Siafu akiri kwamba mistari yangu ilimuuma. Hata mmoja. Hata ule wa viatu.

Siafu akafikiri kwa dhati, namsifu kwa hilo. Akalamba vidole.

"Mtani wangu," akasema, "ukitaka niumie, itabidi ukazaliwe upya kabila jingine."

Basi nimekataa hiyo kazi. Mimi si mchekeshaji. Mimi ni msanii wa kuogopwa. Dada kaosha vyombo kwa muda mrefu sana, vyombo vichache.

Jumatatu, 11 Agosti

Mashine ya Baba Chungu hupiga kelele moja siku nzima, bila kubadilika. Unga puani, unga masikioni. Foleni ya akina mama haiishi. Mmoja akanitazama akauliza kama si mimi yule Mbemba wa Siafu. Akaniambia Siafu kaondoka asubuhi kwenda Ndola. Kaenda na Ng'andwe. Wamepata Mbemba mwingine, kinyozi, anachekesha sana.

Sawa. Sina kinyongo. Kosa nimeliona, ni la utafiti. Nilichagua Mngoni. Safari hii nimeuliza kila aliyeleta mahindi. Nitamchana Radi wa Mindolo, msanii mwenzangu wa andagraundi. Ni Mbemba halisi kama mimi, baba Mbemba, mama Mbemba, hakuna Mngoni hata mlangoni. Huyo ataumia.

Jioni nikamweleza Dada. Akauliza Radi ni wa ukoo gani. Chui. Akaniuliza sisi kwa mama yetu ni ukoo gani. Mbuzi, nikamwambia, kwani hajui? Dada akakaa chini juu ya gunia, akacheka mara ya kwanza tangu jana. Alipopata sauti akasema watu wa Chui na watu wa Mbuzi ni watani wa tangu na tangu, hata watoto wanajua.

Dada ni mtu mwema, lakini muziki hauelewi. Mistari minne ya mwanzo nimeshaipata. Radi atalia.