Mjukuu Wangu Kunyimwa Haki ya Kulala kwenye Theluji

Raili Kemppainen,
Kajaani, Ufini.
20 Oktoba.

Kwa Muuguzi Mkuu,
Kliniki ya Mama na Mtoto.

Ndugu Sista,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MKE WA MWANANGU

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na pole ya kazi ya kupima watoto wanaokojoa kwenye mizani. Mimi ni mjane, mpishi mstaafu wa shule, na mama wa watoto wanne. Wote wanne niliwalaza nje mchana, kwenye kigari, tangu walipotimiza wiki mbili, theluji ikidondoka juu yao. Wote wako hai, na mmoja ni askari wa zimamoto. Sina haja ya kukueleza wewe jambo hili, maana kliniki yako ndiyo iliyonifundisha: mtoto ananyonya, anavishwa sufu, anatiwa kwenye mfuko wa ngozi ya kondoo, anasukumwa nje, na mama anakwenda kunywa kahawa yake kwa amani. Mtoto wa ndani hulala nusu saa. Mtoto wa nje hulala saa tatu.

Sasa mwanangu wa mwisho, Jarkko, alikwenda likizo Palermo, huko Sisilia, akarudi na mchumba, ambaye sasa ni mke wake. Anaitwa Graziella. Wamejaliwa mtoto wa kiume, Urho, mwenye miezi mitano, na ni kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Theluji ya kwanza mwaka huu ilituwahi, kama ujuavyo. Ilianguka tarehe tisa, nyuzi tatu chini ya sifuri. Baridi hiyo ni ya kubishia hodi tu. Graziella alikuwa darasani anajifunza lugha yetu, mimi nikabaki na mtoto. Nikamfunga vizuri, nikamtoa nje kwenye roshani, akalala kabla sijafunga mlango. Nilikuwa kwenye kikombe cha pili na mkate wangu wa iliki Graziella aliporudi. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Kelele. Alipoona theluji imetanda juu ya kigari alipiga ukelele mpaka jirani wa chini akapanda na koleo la theluji mkononi, akidhani paa limeanguka. "Umemzika!" alilia. "Mama Raili, umemzika mwanangu!" Huyo aliyezikwa alikuwa anakoroma. Kelele hizo ndizo zilizomwamsha, na naomba iandikwe hivyo kwenye faili lake.

2. Adhabu. Tangu siku hiyo siruhusiwi kubaki na Urho peke yangu. Leo ni siku ya kumi na moja. Nikienda, namwona kwa mbali, amepakatwa na mama yake, nami nimekalishwa kwenye kochi kama mgeni aliyekuja kuuza bima. Jarkko nimemwambia aseme neno. Ananijibu, "Mama, mpe muda tu, basi." Huyu niliyemlaza nje kwenye nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri! Nilimlea awe mwanamume, amekuwa pazia.

3. Joto la ndani ya nyumba hiyo. Nyuzi ishirini na sita, Sista. Nimelipima mwenyewe, kwa siri, kwa kipimajoto changu. Taulo imesokomezwa chini ya mlango wa roshani ili upepo usipite. Mtoto ana soksi mbili na kofia, ndani ya nyumba, mwekundu kama nyanya. Anajifunza kutambaa jangwani.

4. Nywele zangu. Jumamosi nilitoka kuoga mvuke sauna nikavuka ua na kichwa kibichi, kama nilivyovuka tangu nazaliwa. Graziella akanifukuza na taulo mbele ya watu: "Mama, utakufa! Upepo utakuingia shingoni!" Nina miaka sabini na moja. Kwao, ati, watu huuawa na upepo wa dirishani. Wana mlima unaotapika moto, hawauogopi. Wanaogopa dirisha.

5. Bibi wa upande wa pili, yaani Mama Pina, mama yake Graziella. Anapiga simu ya video kila jioni kuuliza kama mtoto bado ana vidole. Alipoambiwa habari za roshani aliangua kilio, akasema maneno ambayo Graziella alinitafsiria bila kuombwa: "Muueni basi kabisa, mmalize!" Kisha akatuma kwa posta fulana sita za sufu. Alivaa koti zito akipiga simu hiyo, Sista, na huko kwao ilikuwa nyuzi kumi na nane juu ya sifuri. Kwa joto hilo sisi huku tunakwenda ziwani kuogelea.

6. Na hili la sita ndilo linaloniuma. Watu hawa hawana haki ya kumfundisha mtu baridi ni nini. Mimi nimepata kuionja baridi mara moja tu maishani, nayo ni ya Palermo, kwenye harusi yao mwezi wa Januari. Nje jua, watu wanauza machungwa. Ndani, Mungu wangu! Kuta za mawe, sakafu ya vigae, hakuna hata jiko la kuota moto, shuka zimelowa unyevu. Nililala na koti, soksi tatu na mkoba. Nilirudi Kajaani, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, nikavua sweta kwenye joto la sebule yangu, nikapata nafuu. Nao ndio wanaotuonea huruma!

Kwa sababu hizo, na kwa heshima zote, naomba kliniki ichukue hatua zifuatazo.

Kwanza, iandike barua yenye muhuri, kumwamuru Graziella amtoe Urho nje kila siku saa tano asubuhi, chini ya usimamizi wa bibi mwenye uzoefu. Jina langu umeshaliona hapo juu.

Pili, kila mama aliyezaliwa mahali panapoota mizeituni afanyiwe mtihani kabla ya kukabidhiwa mtoto wa Kifini. Mtihani uwe mwepesi: asimame pekupeku kwenye theluji ya kwanza mpaka kahawa ichemke. Akilia, arudie mwaka.

Tatu, simu za video kutoka kusini zizuiwe kuanzia Oktoba hadi Aprili, kwa usalama wa mtoto na wa bibi yake.

Nne, ikiwa hayo yatashindikana, Urho aandikishwe rasmi kuwa mali ya majira ya baridi, na majira ya baridi yawakilishwe na mimi.

Najua utaona nimekasirika. Nimekasirika kweli. Mtoto anakua, theluji inalala ardhini miezi sita tu, na mimi sina miaka mingi ya kusubiri Jarkko apate uti wa mgongo.

Wasalimie wauguzi wote, daktari yule mwenye kikohozi kisichoisha, na dada wa mapokezi aliyewahi kuniambia nisirudi bila miadi. Mwambie sina kinyongo.

Wako katika kulinda usingizi wa watoto wa taifa hili,

Raili Kemppainen (Bi.)

N.B. Barua hii ilikuwa imeshafungwa leo asubuhi Graziella aliponiita kunywa kahawa. Nikaenda nayo kwenye mkoba, niiposti njiani wakati wa kurudi. Nikamkuta roshani amekaa kwenye kiti, kofia mpaka kwenye nyusi, amejifunga mablanketi mawili, theluji inamwangukia. Mbele yake kigari. "Shh, Mama," akaninong'oneza. "Ana saa nzima amelala. Sista wa kliniki amenieleza kila kitu. Jana nimelala hapa mwenyewe kwanza, nione kama mtu anakufa."

Nikachungulia. Pua ya Urho ilikuwa nyekundu. Sista, sijui nilipatwa na nini. Nilimnyakua na mfuko wake wote, nikakimbilia ndani nikipiga kelele kwamba mtoto ameganda, mtoto mdogo hivi halazwi nje, nani kawafundisha ushenzi huu! Urho akaamka akalia. Jirani akapanda na koleo. Graziella alisimama mlangoni, anacheka mpaka machozi: "Mama, funga mlango! Unaingiza baridi!"

Kwa hiyo naomba usome malalamiko yangu yote kinyumenyume, na umwandikie Graziella, kwa herufi kubwa, kwamba mtoto huyu abaki ndani mpaka Mei. Ama basi, usimwandikie. Kipimajoto kilionyesha nyuzi mbili tu chini ya sifuri, na nilipotia mkono ndani ya mfuko, mgongo wake ulikuwa wa moto kabisa. Hakuwa na baridi hata kidogo. Ni mimi tu, nilikuwa na siku kumi na moja sijamshika.