Kanisa Letu Linahitaji Windows

Jumatano, 5 Novemba 2025

Nimefika fainali! Mimi Ngui, niliyekuwa golikipa wa akiba shuleni, nimefika fainali ya mpira wa kompyuta wa vijana wa Machakos. Nusu fainali nimeshinda kwa penalti. Nimeruka mpaka nikagonga spika ya kanisa.

Ndiyo, spika ya kanisa. Nachezea kwenye kompyuta ya kanisa. Laptop yangu hata kalenda inaifungua huku ikihema. Hii ya kanisa ililetwa na mfadhili ili tuonyeshe nyimbo ukutani, ina nguvu ya kuvuta trela, na ufunguo wa chumba chake ninao mimi, mkuu wa mitambo. Fainali ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nacheza na Ramzi, anayeuza kava za simu karibu na stendi. Ameanza kuniita pasta. Tutaonana!

Ijumaa, 7 Novemba

Balaa. Ndolo, msaidizi wangu, amemwendea Mzee Muthoka, mwenyekiti wa kamati. Amemwambia Windows ya kompyuta yetu imezeeka, walioitengeneza wameacha kuilinda, na dawa yake ni kuifuta na kuweka Linux, mfumo mwingine wa kompyuta. Ni ya bure, inawaka upesi, na kwa kuonyesha nyimbo na kuandika barua za kamati inatosha kabisa. Kila alichosema ni kweli. Ndiyo maana simpendi.

Nilimwomba anionyeshe hiyo Linux kwenye laptop yake. Nilitaka kucheka. Sikucheka. Imewaka kabla sijakaa vizuri! Kila kitu kiko mahali pake. Hata michezo kadhaa inacheza bila kulalamika. Nusura niokoke.

Kisha nikajaribu mpira wetu. Picha ya uwanja ikaja, nyasi kijani, halafu ukajifunga. Tena. Ukajifunga. Ndolo akaeleza kwamba mchezo ule una askari wake wa kukamata wadanganyifu, na askari huyo hataki kusikia habari ya Linux. Akauliza kwani kanisa lina haja gani na mpira. Nikasema nauliza kwa niaba ya vijana.

Mzee Muthoka anasema hajui tofauti ya hizo mbili na hana haja ya kuijua. Washiriki waseme wenyewe wanachotaka, na wasiposema, Ndolo aendelee. Washiriki waseme! Basi watasema. Jumapili nitatoa tangazo.

Jumapili, 9 Novemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Ibada ilianza vibaya. Kwaya wameimba bila ala, kinanda chao kilikufa tangu Pasaka. Mvua ikaanza kupiga mabati, upepo ukang'oa yale magunia tuliyozibia matundu ya ukutani. Nikashika maiki. Linux sikuitaja hata mara moja. Ujanja huo.

Nilisema hivi: "Windows yetu imezeeka. Haitulindi tena. Virusi vinaingia. Wezi wanaweza kuingia tukiwa hapa hapa na tusijue. Kanisa letu linahitaji Windows mpya kabla ya Jumamosi."

Kasyoki, anayetutafsiria kwa Kikamba kwa ajili ya wazee, alitafsiri kwa moto, mikono juu. Kwa ile mvua sikusikia neno lake hata moja. Lakini matokeo niliyaona. Vigelegele! Wazee wamesimama kuchanga pesa! Mama Nzomo, anayekaa benchi la ukutani, alinishika mikono yote miwili akilia. Akasema ameugua kifua mwaka mzima na mimi ndiye kijana wa kwanza kujali. Sikuona kifua na kompyuta vinakutana wapi, lakini kura ni kura.

Ndolo peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtetemeka. Kumbe ni mtu wa kulia hivyo? Nikamhurumia, kidogo.

Jumanne, 11 Novemba

Pikapu imeingia uwanjani kutoka Matuu. Mzee Muthoka akaniita nipokee Windows. Nimetoka mbio, kiatu kimoja mguuni.

Pikapu imejaa madirisha. Ya chuma. Na vioo vimefungwa kwa blanketi. Na maembe ya fundi ya kula njiani.

Kasyoki akaja akitabasamu. "Ngui, si nilitafsiri poa? Niliwaambia ndilisya, ndilisya, mpaka wakashika."

Ndilisya! Dirisha kwa Kikamba! Nimekaa kwenye mchanga. Virusi vinaingia, wezi wanaingia, magunia yanapepea, mimi nimesimama pale kwa maiki. Hata mimi ningejipigia vigelegele.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Upi? Kwamba nilitaka Windows ya kuchezea mpira kwenye kompyuta ya kanisa? Mama Nzomo alikuwa ameleta uji wa mafundi na kikombe cha kwanza akanipa mimi. Nikanywa. Mzee Muthoka amenifanya msimamizi, nisibanduke mpaka dirisha la mwisho likae. Kuhusu kompyuta, anasema washiriki hawakusema lolote. Ndolo aendelee.

Jumamosi, 15 Novemba

Fainali. Nina simiti kwenye nyusi. Dirisha la mwisho limekaa, nikachomoka mbio hadi chumba cha mitambo. Linux inanisalimu kwa heshima zote. Nyasi kijani. Mchezo ukajifunga. Nikakimbilia laptop yangu. Imehema, imehema, imezima.

Ramzi ameandika: "Niaje pasta, umehepa ama?"

Amepewa kombe bila kugusa mpira. Nimeumia sana. Nimelia, na naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Ndolo amenikuta hapo, akaniletea chai. Akakiri kwamba alielewa tangu Jumapili, na alikuwa akicheka nyuma ya kile kitabu. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, Mama Nzomo angekaa kwa baridi mwaka mwingine," akajibu.

Nikamaliza kikombe. Chai ilikuwa nzuri. Bado simpendi.

Jumapili, 16 Novemba

Nimesimamishwa mbele ya kanisa zima! Nje mvua, ndani pakavu. Mama Nzomo hajakohoa hata mara moja. Mzee Muthoka amesema kijana huyu ana kipawa cha kuona mahitaji ya watu, na akaniuliza mbele ya maiki kama kuna kingine.

Akili yangu ikawaka kuliko Linux. Kuna ligi nyingine Desemba! Windows nitairudisha polepole, Ndolo akienda kwao Krismasi. Lakini kwanza nahitaji ile keyboard ya wachezaji, yenye vitufe vya kuwaka taa za rangi. Nimejifunza: neno moja tu, lisilo na maana mbili. Nikatamka wazi, bila mvua kunifunika: kanisa letu linahitaji keyboard mpya.

Kasyoki hakuhitaji hata kutafsiri. Wote wameelewa! Kwaya nzima imesimama, wanacheza mpaka madirisha yanatetemeka. Ndolo amejifunika uso tena.

Winfred, kiongozi wa kwaya na mpiga kinanda wao, amenifuata nje akiuliza kama itakuja na stendi yake. Nimemwambia stendi ya nini, itakaa mezani.