Sifuri Mbili Zilizonilia Mbuzi

Mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki huko Tukuyu nikaacha shule darasa la pili. Nikashuka Ubaruku kwa kudandia malori, nikalala juu ya pumba za mpunga, nikabeba magunia ya watu mpaka bega likaota sugu. Tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kunicheka kwenye mambo ya hela. Mpaka leo saa saba mchana, sebuleni kwangu.

Nawaandikia mwenyewe, ndugu zangu wa kundi hili, kabla hamjasikia kwa dada yangu Sekela. Yeye ataongeza chumvi.

Leo tulikuwa na wageni wa mahari. Binti yangu wa mwisho, Tumaini, amepata mchumba wa Ilula. Wazazi wa kijana wanauza nyanya pale barabarani. Mwenyewe anatengeneza programu za kompyuta kwa watu wa nje, nao wanamlipa kwa hizi sarafu za mtandaoni (hela ambayo huwezi kuikunja wala kuificha kwenye soksi). Tumaini anampenda. Mimi nilikuwa bado namwangalia.

Mshenga ni Mzee Kikoti, Mhehe mpole mwenye koti zito, na wajumbe wawili nyuma yake. Akasema "Kamwene", salamu ya kwao, akakaa. Sekela akamtoza faini elfu ishirini papo hapo kwa kukaa kabla hajakaribishwa. Akalipa bila kununa. Nikawaeleza wageni kwamba nyumbani kwangu anayekosea adabu kwenye kikao cha mahari analipa, awe nani. (Shikeni hayo maneno, "awe nani". Niliyatamka kwa mdomo wangu.)

Nikataja mahari. Ng'ombe sita na blanketi la mama, au milioni saba taslimu. Wajumbe wakanong'onezana, hawakupunguza hata shilingi. Mzee Kikoti akatoa simu, akanisogezea, akasema kijana ameshaiweka yote humo.

Nikavaa miwani. Nikasoma. Sifuri, nukta, sifuri, nne.

Sasa nisikilizeni, maana hapa mimi nina haki yangu. Mashineni kwangu, ninapokoboa mpunga, nina mizani ya umeme. Ukishusha gunia, kioo kinabaki kinaonyesha sifuri, nukta, sifuri, halafu kanamba kadogo mwishoni. Hako kanamba ni nini? Ni vumbi la pumba lililobaki kwenye sahani. Unachukua kitambaa unapangusa. Miaka yote hiyo hakuna mkulima wa Madibira wala wa wapi aliyenidai hela ya sifuri nukta sifuri nne.

Nikaona nimetukanwa kwangu. Mzee Kikoti akaanza kusema kwamba hapo bado haijabadilishwa kuwa shilingi, kwamba ikibadilishwa nitaona. Nikamkata.

"Hilo ni vumbi, mzee mwenzangu. Pangusa uondoke nalo."

Akanitazama kidogo. Akavaa kofia. "Tumesikia," akasema, wakatoka wote watatu. Chai ilikuwa bado haijaletwa.

Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama dakika nne.

Tumaini akatoka jikoni na sinia la vikombe. Alikuwa amesikia kila kitu. Akaweka sinia chini, akabonyeza simu yake, akanionyesha.

"Baba, umefukuza milioni kumi."

Nikamwambia aache utani. Nikachukua kikokotoo changu cha mashineni. Akanitajia bei ya sarafu moja nzima kwa leo, milioni mia mbili na hamsini. Gawa kwa mia, zidisha kwa nne. Milioni kumi. Nikarudia. Milioni kumi. Nikakigonga mezani, labda betri. Milioni kumi.

Jamani, nani alitengeneza hela nzito namna hiyo halafu akaianzisha na sifuri? Noti ya elfu kumi inaanza na moja. Sarafu ya mia tano inaanza na tano, hata mbuzi anaiona. Huyu ameweka utajiri nyuma, umbea mbele, halafu mimi ndiye mjinga.

"Aliweka ya ziada," Tumaini akasema, "kwa sababu bei inapanda na kushuka. Aliogopa asije akakupunja." Akaingia chumbani. Nikasikia komeo.

Sekela alinyoosha kidole tu kuelekea pikipiki nje.

Nikapanda nyuma ya bodaboda na suti yangu ya kanisani, vumbi lote la barabara ya Rujewa likanishukia. Nikawakuta stendi, kwa mama ntilie, wanakula wali. Nikavua kofia. Nikamwomba Mzee Kikoti anionyeshe tena ile simu.

Akatafuna, akameza, akanywa maji.

"Mzee, tumeshapangusa," akasema. "Kama ulivyoagiza."

Mama ntilie akacheka. Hata hajui ni nini, amecheka. Abiria wa basi la Iringa wakageuka kuniangalia. Nikasimama pale kama gunia lililokosa mwenyewe, nikasema ile sentensi ambayo sikuwahi kuisema tangu 1976: "Nimekosea hesabu. Msimwadhibu binti kwa ajili yangu."

Wakarudi. Mzee Kikoti alisubiri mlangoni, safari hii hakukaa mpaka alipokaribishwa. Akasema kijana amebadilisha zote kuwa shilingi, na kesho wataleta milioni saba zilizotajwa. Ile ya ziada? Kijana kasema mzee hapendi vumbi. Tumaini akafungua komeo, na chai ikaletwa.

Kisha Sekela akakohoa. Akauliza aliyewatukana wageni kwenye kikao cha mahari analipa nini. Nikasema mimi ndiye mwenye nyumba.

"Awe nani, kaka?"

Msicheke. Ubaruku nzima inacheka, inatosha. Mizani nimeifunika na gunia mpaka hasira ziishe.

Mimi nina mashine mbili za kukoboa. Nina ekari thelathini Madibira, zimelipiwa. Lori moja. Nyumba tatu za bati. Ng'ombe kumi na saba. Asubuhi nilikuwa na mbuzi tisa. Sasa hivi nina wanane.