Ombi la Kufufuliwa kwa Mke Wangu Kanze

Jilore, kwa Mwambire

Kwa Mkurugenzi,
Shirika la Uji wa Wazee,
Malindi.

Bwana Mkurugenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Mimi ndiye yule mzee wa kwenye kipeperushi chenu, mwenye kikombe kitupu. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka na nisipange mambo ya mbali, kwa hiyo naandika mapema. Mniwie radhi kwa mwandiko.

Sikatai kwamba kipeperushi chenu ni kizuri. Mama mmoja kanisani alikisoma akalia mbele yangu, kisha akanipa pakiti ya sukari nimpelekee yule maskini, iwapo namjua. Hata hivyo, nina malalamiko.

1. Viatu. Ninavyo, tena vya ngozi. Bwana Tevin, mpiga picha wenu, aliniomba nivivue. Alisema msomaji hamhurumii mtu aliyefunga kamba za viatu.

2. Nyumba. Mmeandika "nyumbani kwake" chini ya picha ya banda la kuku. Kuku hawajalalamika, lakini banda lile nililijenga mimi, na najua halinitoshi.

3. Kikombe kilikuwa na chai. Mlingoja niimalize.

4. Hili ndilo lililonitoa kitandani. Mmeandika: "Mkewe alishatangulia, akamwachia kikombe hiki." Kanze hakutangulia kokote. Siku ya picha alisimama nyuma ya Bwana Tevin, ameshika viatu vyangu.

Kipeperushi kilifika Dabaso kwa shemeji yangu Chengo. Kwetu, mtu hamziki mke bila kuwapelekea wakwe habari. Ni tusi kubwa. Walikuja gari zima. Wanawake walikuwa wamejifunga leso viunoni na wameanza kilio tangu njia panda. Wakamkuta marehemu anakuna nazi.

Ungedhani wangefurahi. Chengo aliketi, akanisomea kipeperushi chote kwa sauti, kisha akasema, "Shemeji, karatasi inasema huna mke. Sisi ni nani tubishane na karatasi?" Nilimgeukia Kanze, nikamwomba anitilie uji kwanza, mengine tuyazungumze baadaye. Akanijibu, "Marehemu hapiki, Baba Kahonzi," akaingia garini.

5. Tangu siku hiyo naishi peke yangu, kikombe ni kitupu, na viatu sivai kwa kuwa siwezi tena kuinama kufunga kamba. Kanze ndiye aliyekuwa akinifunga. Yaani kila mlichoandika sasa ni kweli. Pengine ninyi mtayaita hayo mafanikio.

Kwa hiyo naomba mchapishe kipeperushi kingine, kwa herufi kubwa zilezile, mkiwajulisha wasomaji kwamba Kanze yu hai, ni mkali, na uji wake hauna mabonge. Mkiona mke aliye hai hachangishi kitu, basi nitangazeni na mimi kuwa nimekufa, ili niende Dabaso tukiwa sawa. Ila fanyeni haraka, maana hilo la pili moyo wangu unaweza kulitimiza kabla yenu.

Nisalimieni Bi Vivian, afisa wenu aliyeandika habari zangu, Bwana Tevin, na yule askari wa langoni aliyenipa kiti chake.

Ni mimi, ambaye bado nipo,
Mwambire Charo,
Mwalimu mstaafu.

Nyongeza: Sipendi kuondoka duniani na jambo hili kifuani. Bi Vivian aliniletea maandishi yake nimsahihishie Kiswahili, kwa kuwa nilifundisha insha maisha yangu yote. Alikuwa ameandika, "Anaishi na mkewe Kanze, na wanapendana." Mimi ndiye niliyekata maneno hayo nikaandika yale ya kutangulia. Niliona mke anaiharibu insha ya huruma. Msimlaumu Bi Vivian.

Nakala ya barua hii, pamoja na nyongeza yenyewe, nimeipeleka Dabaso. Ndani ya bahasha nimetia kalamu yangu nyekundu, Kanze akate anachotaka.