Hotuba ya Uzinduzi wa Minyoo wa Bwawani

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti, Kaimu wa Makamu, ambaye pia ni mimi, wake zetu wapendwa, wazee wetu, vijana wetu, mama zetu wa bustani za mboga, na nyote mliosimama juani kwa utulivu wa hali ya juu: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Sauti: Jua linachoma, mheshimiwa!)

Ndugu zangu, magugu maji yamelifunga bwawa letu, mama zetu hawana pa kuchotea maji ya kumwagilia, wavuvi hawana pa kutupia ndoana, na mimi kiongozi wenu nimekosa usingizi hata nikiwa kwenye semina. (Kicheko.) Ndipo ofisi yangu, kwa kushirikiana na mimi mwenyewe, ikabuni Programu Jumuishi ya Kuwajengea Minyoo Uwezo, ambapo minyoo watakula magugu, watatoa mbolea, mbolea itaingia bustanini, na mafanikio yake, kwa takwimu za awali, ni asilimia mia moja na nane. (Makofi kutoka meza kuu.)

Naona mama muuza mchicha amenyoosha mkono. (Sauti: Miche yangu inakauka, baba. Hiyo mbolea tunagawiwa leo?) Swali zuri sana, mama, swali la kimkakati! Tazama mwenyewe: beseni hili lina minyoo hai, wanene, wachapakazi, na hakuna hata mmoja aliyeniomba posho. (Kicheko kirefu.) Na lile lundo la magugu mlilolitoa asubuhi kwa ajili ya wapiga picha limefungua maji safi mpaka nimejiona sura. Nilipendeza. (Sauti ya mama: Basi tuachie hivyo hivyo, baba!)

Magugu! (Mbolea!) Minyoo! (Maendeleo!) Sijasikia huko nyuma! (Maendeleo!)

Nikihitimisha, nalishukuru duka la pembejeo kwa kutuazima magunia haya ya mbolea, ambayo naomba yasifunguliwe, maana yanarudi dukani. Nawashukuru wavuvi kwa kutuazima minyoo wao wa chambo, ambao tangu bwawa lifungwe wamekaa tu kwenye makopo bila kazi; mtarudishiwa jioni. Na nyinyi mama zangu, nawashukuru kwa dhati, ila kabla hamjatawanyika, lile lundo lirudisheni bwawani, tena mlitandaze vizuri. Wafadhili wanakuja mwakani kukagua kama tunastahili mradi, na hatuwezi kuwapokea tukiwa hatuna tatizo. Asanteni sana.

(Mama muuza mchicha anachomoka mbio na ndoo zake mbili, kuchota maji kabla wenzake hawajaanza kulirudisha lundo.)