Jina la Mwangangi Ndani ya Kerneli

Jumapili, 9 Machi 2025

Nimetoka kanisani nimepandwa na mori. Leo nafasi ya ushuhuda alipewa Mwangangi. Mwangangi huyu wa kutengeneza simu karibu na stesheni ya Emali! Akasema Mungu amemwinua: kuna mstari mmoja alioandika yeye ndani ya kerneli ya Linux, ule moyo wa programu unaoendesha kompyuta duniani kote, na jina lake limewekwa huko. Wazee wakapiga makofi. Mchungaji Mutisya akatoa machozi. Na Jumapili ijayo kamati inachagua mwalimu wa kompyuta wa kanisa.

Kazi hiyo ni yangu. Mimi ndiye Mbaluka, na saiba yangu ya kompyuta na intaneti, Mbaluka Saiba, inajulikana Emali nzima. Mama mkwe kule Kalamba nilishamwambia nimeipata, naye ameshawatangazia wanawake wote wa kikundi chake. Mwangangi ni mwongo. Nitamuumbua.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango uko tayari. Msimbo wote wa kerneli uko wazi mtandaoni, mtu yeyote anauchukua bure. Nitaupakua, nitafute neno "Mwangangi", nionyeshe kanisa kwamba halimo.

Nilianza kupakua saa tatu asubuhi. Kufikia saa nne intaneti ya saiba yote ilikuwa imekufa. Mwalimu mmoja aliyekuwa akijaza fomu ya uhamisho alisema nimemharibia maisha. Nikamwambia angoje, hii ni kazi ya Mungu. Aliondoka na wengine wanne. Wakaenda kwa nani? Kwa Mwangangi, mwenye kompyuta mbili tu.

Jumatano, 12 Machi

Nimetafuta. Kwa haraka kidole kiligonga Enter nikiwa nimeandika herufi tatu tu, "mwa". Mistari ikaanza kumiminika. Maelfu. Haikomi. Jasho likanitoka. Nikaona Mwangangi ameandika nusu ya Linux peke yake. Nikazima skrini, nikaenda kukaa nje kwenye benchi.

Mke wangu Nzisa aliiwasha, akasoma, akaniuliza kwa upole kama sijaona kwamba ni neno "firmware" linalojirudia, maana herufi hizo zimo katikati yake. Nikamwambia nilishaona. Akasema basi si nimuulize Mwangangi mwenyewe jina liko wapi. Nimuulize! Adui!

Nikatafuta tena, jina zima. Faili zaidi ya elfu themanini. Hakuna. Hata mara moja. Nilicheka mpaka mteja akahamia kompyuta ya mwisho.

Ijumaa, 14 Machi

Nimechapisha ushahidi. Shida ni kwamba ukitafuta kitu ukakosa, mashine haisemi neno. Karatasi ilitoka tupu, na amri yangu moja juu. Haitamtisha mtu. Nikaongeza kwa kalamu nyekundu: HAYUPO.

Nikampelekea Mzee Nyamai, mwenyekiti wa kamati, ombi la kutoa ushuhuda Jumapili. Akauliza ni ushuhuda wa nini. Nikasema ni wa ukweli. Alifurahi sana, akanishika mkono, akasema amengoja miaka kumi kunisikia.

Jumapili, 16 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Nilisimama mbele nikainua karatasi. Nikasema kuna mtu amedanganya madhabahuni, nimepekua faili elfu themanini na jina lake halimo. Mwangangi hakukasirika, na hilo ndilo linalonikata maini. Alikuja na laptop, akaunganisha projekta, akaeleza polepole kama anayefundisha darasa la kwanza. Anayerekebisha kitu kidogo haandikwi ndani ya faili. Huandikwa kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, ambayo huwekwa kando: nani alibadilisha nini, lini. Mimi nilipakua faili bila kumbukumbu.

Akaifungua. Jina lake hilo, ukutani, kila mtu analisoma. Mstari mmoja, wa kurudisha sauti kwenye aina fulani ya laptop kuukuu. Laptop za aina hiyo ndizo zile kumi na mbili ambazo kanisa lilipewa msaada. Ni mimi niliyeiambia kamati kwamba spika zake zimekufa, zitupwe.

Mzee Nyamai akasema hakuna haja ya kikao, mwalimu tumemwona akifundisha. Kazi imekwenda. Nami, kwa kumwita ndugu mwongo madhabahuni, nimewekwa kiti cha nyuma miezi mitatu, nisishiriki meza ya Bwana. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kalamba na wanawake sita kunisikia, wote na sare zao. Walitoka kwa mlango wa pembeni. Hakunisalimia. Nimeumia, sitaficha.

Jumanne, 18 Machi

Siku mbili chakula hakipiti. Leo nimeelewa kosa langu. Nilikuwa natafuta jina la mtu mwingine!

Nimefungua ile kerneli niliyopakua, na juu ya faili ya kwanza nikaandika: Mbaluka. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Saiba nimeifunga tangu asubuhi. Kufikia saa kumi nimetafuta neno "Mbaluka" na skrini imejaa kutoka juu hadi chini. Nimechapisha kurasa kumi na moja.

Nzisa ameuliza kama wenye Linux wanajua. Nikamwambia hayo ni mambo madogo. Kesho alfajiri niko mlangoni kwa Mzee Nyamai. Mwangangi ana mstari mmoja. Mimi ninayo mia nne na sita.