Nilipopima Sauti Yangu kwa Maharagwe

Leo nimeaibika mbele ya parokia nzima, na aliyeita watu waje kuona ni mimi mwenyewe.

Mnajua kwamba ninaimba zaburi katika kwaya yetu hapa Katuba. Sauti imeshika kutu kidogo (kidogo tu, nilidhani), lakini zaburi ya sikukuu ya parokia ni yangu tangu zamani. Wiki iliyopita Serge, kijana anayeongoza kwaya, alinijia na heshima nyingi mno. Nilipaswa kushtuka palepale.

"Papa Donat, ku fête tulikuwa tunafikiri zaburi aimbe mwenzetu Nadège. Weye upumzike kidogo."

Kupumzika! Mimi! Nikamwambia kwamba wanaosikiliza ni waamini, basi na waulizwe waamini. Nilimaliza sekondari mimi, siwezi kushindwa kuuliza watu swali.

Wiki nzima nikafanya sondage, yaani kura yangu ya maoni. Kila aliyenisalimia nilimshika mkono, sikumwachia, nikamuuliza: "Zaburi yangu inakupendeza, sivyo?" Wote wakajibu ndiyo. Wote! Muuza makaa: "Papa, unaimba sawa malaika!" Jirani yangu: "Bila weye, ile haiko misa." (Mama mmoja aliponiona alivuka barabara haraka. Nikasema labda ameacha sufuria motoni.)

Asubuhi hii, kabla ya misa, nilimpa matokeo mjukuu wangu Clarisse, anayesoma takwimu chuo kikuu. Alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Kambo, ni nani aliuliza?" akasema, maana babu kwetu huitwa kambo.

"Mimi."

"Na ulikuwa unabashika mukono?"

"Kwa upendo!"

"Basi uliuliza heshima yabo, haukuuliza masikio yabo. Muntu gani wa hapa atamwambia muzee non mbele ya macho? Na uliuliza tu bale banakusalimiaka. Bale banakukimbia, ni nani alibauliza? Échantillon yako iko mubaya, kambo."

Nikakasirika. Nikamwambia afanye sampuli yake yeye msomi, tuone.

Akafunga safari jikoni. Akarudi na bakuli la mahindi na maharagwe, na mfuko wa kitambaa. Mpango wake ulikuwa huu: asimame mlangoni misa ikiisha, ahesabu wanaotoka, na kila wa kumi amsimamishe, awe ananipenda au hanipendi. Huyo anapewa punje moja ya mahindi na moja ya haragwe. Anaingiza mkono mfukoni, anaacha moja. Mahindi: Papa Donat aendelee. Haragwe: Papa Donat apumzike. Punje inayobaki anaificha kiganjani, hakuna wa kumjua.

"Kila wa kumi tu?" nikasema. "Kanisa linajaa mpaka nje, na wewe unataka hao wachache?"

"Kambo, ku dispensaire bakikupima malaria, banatobolaka kidole ao banatoshaka damu yote?"

Nikakubali shingo upande. Lakini moyoni nilikuwa na furaha. Malaika haogopi kuhesabiwa.

Kosa langu lilikuja wakati wa matangazo. Nilichukua mikrofoni, nikaueleza umati jambo lote, kisha nikaongeza kwa sauti kubwa: "Na mfuko utafunguliwa hapa nje, mbele yenu nyote!" (Hakuna aliyeniomba kuongeza hilo. Hakuna.)

Misa ikaisha. Clarisse akasimama mlangoni. Mimi alinisogeza kando, nigeukie ukuta, nisiwatishe watu kwa macho. Nilisikia punje zikitua mfukoni, na kila moja niliihesabu kuwa mahindi.

Tukakusanyika. Clarisse akamwaga mfuko juu ya meza.

Maharagwe! Mekundu, meza nzima! Mahindi ilinibidi kuyatafuta kwa kidole.

Watu walitazama viatu vyao kwa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyoniua. Nikakumbuka neno moja la shule.

"Ngojeni! Makadirio yana kosa lake! Clarisse, sema kweli, hayana?"

"Iko, kambo. Tukirudilia na bantu bengine, hesabu itapanda ao itashuka kidogo."

"Mmesikia!"

"Kidogo, kambo. Hata tukikupatia ile kidogo yote, maharagi bado inashinda."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikamwona mke wangu, Mama Véro, ambaye Clarisse alikuwa ameniambia kwamba hesabu ilimwangukia mlangoni. Nikainua punje moja ya mahindi juu ya vichwa vya watu.

"Wachache, sawa! Lakini hii najua ni ya nani! Mama Véro, fungua kiganja, waone haragwe lililobaki!"

"Donat, acha."

"Fungua tu!"

Akafungua. Katikati ya kiganja, nyeupe na safi, ilikuwa punje ya mahindi.

"Ku nyumba ninasemaka unaimba muzuri ju tulale na amani," akasema polepole. "Mu mufuko hamukukuwa bwana yangu."

Hapo adabu ilikwisha. Serge alijishika kwenye nguzo. Padri aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nadège peke yake hakucheka. Alikuja akanishika mkono akitaka kuniomba msamaha. Nikamwambia asiombe chochote, bali aje jioni nimfundishe pale pa kuvuta pumzi kwenye ubeti wa pili, kwa maana pale ndipo mimi hupotea.

Mama Véro amenipikia kuku. Nimemwambia kuku ni mtamu. Ameniuliza kama nasema kweli.

Naomba msinicheke. Najua nikiwauliza mmoja mmoja, kila mtu atajibu "Hapana, papa, sikucheka", na kuanzia leo najua jibu hilo lina uzito gani.